Matamasha ya Filamu na Maneno Tunayowapa Vijana

Walimu wa lugha huulizwa mara kwa mara senema ina faida gani katika elimu, nasi aghalabu hujibu kwa wepesi kwamba inafundisha matamshi, inaonyesha mazingira ya mbali, na inawachangamsha wanafunzi waliochoka. Majibu hayo ni ya kweli, lakini hayagusi kiini. Katika makala haya twapenda kuzungumzia aina moja ya tamasha la filamu ambalo wengi wetu hatujalihudhuria, na hata kulitaja twasita. Nalo ni tamasha la filamu zinazohusu watu wapendao wa jinsia yao wenyewe, pamoja na wale ambao uume au uke waliohesabiwa nao tangu kuzaliwa haulingani na wanavyojijua. Hapa Uganda wengi wao wamejiita kwa muda mrefu kwa jina la kuchu. Hatuandiki kama mawakili wala wahubiri. Twaandika kama walimu wa Kiswahili tunaoishi na kufundisha baina ya Kasese na Bwera, na swali linalotushughulisha ni la lugha: kijana aliyeketi mbele yetu ana maneno gani ya kumtaja mwenziwe, na maneno hayo ameyapata wapi?

Yafaa kwanza tueleze hali ya Kiswahili katika sehemu hizi. Kilipata nguvu Kasese pamoja na reli, iliyofika mwaka 1956 ili kuichukua shaba ya Kilembe. Wachimbaji walitoka katika makabila mbalimbali, nao wakahitaji lugha ya kusikilizana. Bwera ina historia yake. Mto Lhubiriha ndio mpaka, na ng'ambo yake ni Kasindi, nchini Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule husemezana bila mkalimani, lakini siku za soko la Mpondwe dereva wa lori, mbadilisha fedha na mwenye magunia ya chumvi ya Katwe wote hukimbilia Kiswahili.

Hata hivyo lugha yetu ilichafuliwa jina nchini Uganda. Katika utawala wa kijeshi wa miaka ya 1970 raia wengi waliisikia ikitoka kinywani mwa askari, nayo ilikuwa ama amri ama tusi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kazi iliyotuangukia sisi walimu, basi, ni zaidi ya kufundisha ngeli. Hatuna budi kuwaonyesha vijana kwamba lugha hii yaweza kumsemesha mtu kwa heshima.

Sasa na tuitazame senema yenyewe. Anayetaka kujua vijana wa Bwera hutazama nini jioni, na aingie katika kibanda cha video. Ni chumba cha mbao na mabati, chenye mabenchi, televisheni moja na kiingilio kidogo. Filamu zatoka Marekani, Nigeria, India au Uchina, lakini sauti inayosikika zaidi ni ya mfasiri, ambaye Uganda nzima humwita VJ. Huyu huifasiri filamu kwa Kiluganda, akitia humo methali, mizaha na maoni yake. Watanzania waliijua sanaa hiyo kupitia kwa Lufufu, aliyezifasiri filamu kwa Kiswahili. Twaistahi kazi ya wafasiri hawa, maana wamewapa watu wasiojua Kiingereza nafasi ya kuielewa hadithi. Lakini kuna jambo tumeliona zaidi ya mara moja. Akitokea katika picha mwanamume mwenye mwendo wa kike, au wanawake wawili walioshikana kwa mapenzi, mfasiri hutupa tusi, mabenchi yote hucheka, na picha huendelea. Hapana aulizaye. Filamu ikiisha, watu hutoka na tusi jipya, basi.

Mtindo huu wa kutazama bila kuuliza si wa leo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliendesha jaribio la senema ya elimu kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Lori lilibeba mashine na kuzunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi nyingine, likionyesha filamu za kilimo, afya na uwekaji wa akiba. Maelezo yalitolewa kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Lori lile liliwafikia watu wengi ambao hawakuwa wameona senema. Lakini mtazamaji aliitwa aje kuambiwa. Aliyeipanga filamu alikuwa na jibu kabla ya taa kuzimwa.

Tamasha la filamu hutofautiana na lori na kibanda kwa jambo moja kubwa: humo mtazamaji hutazamiwa kusema. Neno lenyewe linatufundisha. Tamasha limetufikia kwa njia ya Kiajemi na Kihindi, na shina lake katika Kiarabu ni lile la kutembea, yaani watu kwenda pamoja kutazama kitu. Desturi ya matamasha mengi ya filamu ni kwamba picha ikiisha, taa huwashwa, na mtengenezaji au mhusika huketi mbele ya watu akaulizwa maswali. Anayechukizwa husema amechukizwa kwa nini. Aliyejiona katika picha hugundua kwamba hayuko peke yake. Hayo ndiyo mafunzo tunayoyazungumzia, nayo hayapatikani kwa kutazama tu.

Matamasha ya aina hii yana historia. Lile la San Francisco, ambalo leo laitwa Frameline, lilianza mwaka 1977. Barani Afrika, Afrika Kusini ilianzisha la kwake, Out in Africa, mwaka 1994, mwaka uleule wa uchaguzi wa kwanza wa watu wote, na miaka miwili baadaye Katiba yake mpya ikakataza kumbagua mtu kwa sababu ya mapenzi yake. Nairobi ilipata Out Film Festival mwaka 2011, katika ukumbi wa Goethe-Institut. Kampala ikafuata Desemba 2016, pale mtengenezaji wa filamu Kamoga Hassan alipoanzisha Queer Kampala International Film Festival. Mahali pa maonyesho hapakutangazwa hadharani, kwa kuhofia usalama wa watazamaji. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Desemba 2017, ikiwa ni siku ya pili ya tamasha, polisi walivamia, nalo likakatizwa.

Kutoka Bwera hadi Kampala ni safari ya siku nzima kwa basi, na msomaji aweza kuuliza mambo hayo ya mji mkuu yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu filamu zilizoonyeshwa na kupigwa marufuku zinawahusu watu wa nchi hii, mmojawapo akiwa mwalimu kama sisi. Filamu iitwayo Call Me Kuchu, iliyotengenezwa na Katherine Fairfax Wright na Malika Zouhali-Worrall na kuonyeshwa Berlin mwaka 2012, yafuata siku za mwisho za David Kato. Kato alikuwa mwalimu kwa kazi. Aliishi Afrika Kusini wakati nchi ile ilipokuwa ikibadilika, kisha akarudi nyumbani. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha picha na majina ya watu liliodai kuwa ni mashoga, pamoja na maneno ya kutaka wanyongwe. Kato na wenzake wawili walilishtaki, na mapema Januari 2011 Mahakama Kuu ikawapa haki. Tarehe 26 mwezi uleule aliuawa nyumbani kwake, wilayani Mukono. Filamu ile yaonyesha hata mazishi yake, ambapo mhubiri alisimama kuwalaumu waombolezaji. Magazeti yalimfanya Kato kuwa habari. Filamu yamwonyesha akiwa na mama yake, akicheka, akipika na kuchoka. Mwalimu wa fasihi anaijua tofauti hiyo: ni tofauti baina ya kutajwa na kuwa mhusika.

Filamu ya pili yatugusa sisi wa Kiswahili kwa karibu zaidi. Mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, aliandika hadithi fupi iitwayo Jambula Tree, kuhusu wasichana wawili wa mtaa wa Nakawa, Kampala, nayo ilipata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Wanuri Kahiu wa Kenya akaifanya filamu na kuipa jina la Kiswahili: Rafiki. Mei 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes. Lakini mwezi mmoja kabla ya hapo Bodi ya Filamu ya Kenya ilikuwa imekwisha kuipiga marufuku. Kahiu ameeleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho wake ili mhusika mkuu aonyeshe majuto, naye akakataa. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, akisema hakuamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake ya maadili kutikiswa na filamu ya namna hiyo. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo, chini ya jaji mwingine, iliikubali marufuku.

Katika siku zile saba sisi tulikuwa Nairobi kwa semina ya walimu. Tulipanga foleni mchana, tukapata viti vya mbele kabisa, kwa maana vingine vilikwisha. Kilichotushangaza hakikuwa mapenzi ya wale wasichana, kwa kuwa filamu yenyewe ni ya upole. Kilichotushangaza ni watu kuisikia lugha yao. Wahusika walisema Kiswahili cha mitaani na Kiingereza kilichochanganyika nacho. Mama muuza chai alisengenya kama wasengenyavyo kina mama wa kwetu. Na ukumbi uliitikia kila neno. Tulipotoka nje hapakuwa na mjadala ulioandaliwa, lakini watu hawakuondoka. Walisimama vikundi vikundi wakibishana. Mwalimu mmoja wa makamo, tuliyekuwa naye semina moja, alisema hakubaliani na filamu ile hata kidogo, kisha akatuuliza sisi kwa nini baba wa msichana yule alimpenda mwanawe kuliko alivyouogopa uchaguzi. Tulibishana naye njia nzima hadi tulikofikia. Twaamini kwamba usiku ule yeye na sisi sote tulisoma kitu, ingawa hapana aliyeyabadili maoni yake.

Jina la filamu ile lastahili kufikiriwa na kila mwalimu wa Kiswahili. Mkurugenzi wake ameeleza kwamba wapenzi wa jinsia moja nchini Kenya, watakapo kumtambulisha mwenzi wao, hulazimika kumwita rafiki. Hapo tulikumbuka neno jingine. Shoga, kwa wanawake wa pwani, ni rafiki mpenzi wa kike, na mpaka leo bibi wa Zanzibar au Mombasa aweza kumwita mwenziwe hivyo kwa mapenzi mema. Neno hilohilo limekuwa jina la mwanamume apendaye wanaume, na mara nyingi ni tusi. Maana hizi mbili si za jana. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha karne ya 19, aliandika kwamba wanawake huitana shoga, na kwamba huko Lamu neno hilo lina maana ya mwanamume wa namna hii. Twalitaja jambo hili kwa sababu husemwa kwamba matamasha ya filamu ndiyo yaliyowaleta watu hawa kwetu. Lugha inashuhudia vinginevyo. Neno lilikuwapo kabla ya senema yoyote kufika Afrika Mashariki, na watu hawatungi jina la kitu wasichokijua.

Yaliyotufanya tushike kalamu, hata hivyo, yalitokea mwaka 2019 katika shule moja ambayo hatutaitaja. Mvulana wa kidato cha tatu, mpole na hodari wa insha, alikuta neno limeandikwa ukutani juu ya kitanda chake bwenini. Halikuwa la Kikonzo, ambacho wenziwe huzungumza wakiwa peke yao, wala la Kiluganda au Kiingereza. Lilikuwa la Kiswahili, limeandikwa bila kosa la tahajia. Siku ya tatu baba yake alikuja, akalichukua sanduku, wakaondoka. Ikiwa neno lile lilimhusu au halikumhusu, hilo halikuwa letu kuuliza. Lililokuwa letu ni neno lenyewe, kwa kuwa ni sisi tuliowafundisha vijana wale kuandika Kiswahili.

Wiki iliyofuata tuliwaambia wanafunzi waandike ubaoni kila neno walilowahi kulisikia kwa mtu wa namna ile, katika lugha yoyote. Walicheka, kisha wakaandika. Tukachora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja yaende maneno uwezayo kuyasema mbele ya mama wa mtu huyo, na upande wa pili yale usiyoweza. Kwa lugha nne upande wa pili ulijaa mpaka chini, na wa kwanza ukabaki mtupu. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Msichana aliyeketi nyuma akanyosha mkono: "Mwalimu, si tuandike jina lake?" Akaja mwenyewe, akaliandika. Kipindi kikaisha hapo.

Tangu siku hiyo tumefikiri mara nyingi juu ya kazi ya matamasha haya. Kazi yake kubwa ni kuujaza ule upande mtupu wa ubao. Filamu haimlazimishi mtu akubali, lakini humfanya asikilize hadithi ya mwenziwe hadi mwisho, jambo ambalo tusi haliruhusu. Na mjadala unaofuata humtaka mtu atafute neno la kumwambia jirani aliyeketi karibu naye, ambaye huenda ndiye anayezungumzwa. Kwa wale wenyewe, tamasha ni mahali ambapo kwa saa mbili hawahitaji kujificha. Kwa wengine ni shule ya adabu ya mazungumzo. Likikatizwa, wa kwanza hupoteza kimbilio na wa pili hupoteza shule, na kibanda chenye tusi hubaki wazi kama kawaida.

Hatupuuzi hoja za wanaopinga. Wapo wazazi wema, Wakristo na Waislamu, wanaoamini kwamba dini yao imekataza mambo haya, na wanahofia watoto wao. Mzazi ana haki ya kumlea mwanawe katika imani yake, wala mwalimu hana ruhusa ya kumwonyesha mtoto filamu isiyo ya umri wake. Lakini hatujaona kitabu cha dini kilichoagiza tusi liandikwe juu ya kitanda cha mtoto. Wengine husema ni mambo ya kigeni. Twawakumbusha kwamba kifungu cha kuadhibu vitendo hivi katika sheria zetu za jinai kiliandikwa na Waingereza, kwa mfano wa sheria waliyoitunga India. Kama ugeni ni kosa, basi ugeni una pande mbili.

Kisha ipo sheria. Mei 2023 Rais wa Uganda alitia sahihi sheria mpya dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, yenye adhabu ya kifungo cha maisha, na ya kifo kwa makosa inayoyaita makubwa zaidi. Kifungu chake cha 11 kinaadhibu kuyahimiza mapenzi hayo kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 20. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, lakini ikafuta baadhi ya vifungu, kikiwamo kile kilichomlazimu kila mtu kuwaripoti wanaoshukiwa. Walimu walipumua kidogo, kwa kuwa kifungu kile kilitaka kumgeuza mwalimu awe mpelelezi wa wanafunzi wake. Lakini tamasha kama lile la Kampala limekuwa gumu kufikirika, na mwenye ukumbi, mwenye filamu na mtazamaji wote wana la kuogopa. Hatumshauri mwalimu yeyote kuonyesha filamu hizi shuleni, maana si haki kumtia mwenzako hatarini kwa kalamu ukiwa umeketi mezani.

Lipo lakini lililobaki mikononi mwetu, wala halihitaji mashine wala ukumbi. Hakuna sheria inayomlazimu mwalimu kulipokea tusi kuwa ni msamiati. Mwanafunzi akituuliza maana ya shoga, tunaweza kumwambia historia ya neno hilo lote, pamoja na bibi wa pwani amwitaye mwenziwe. Akiuliza watu hao waitwe nini, tunaweza kumpa maneno yasiyo na matope, kama vile wapenzi wa jinsia moja, ambayo watangazaji wa Kiswahili huyatumia kila siku. Tunaweza kumfundisha kwamba kutaja si kusifu, na kutokubaliana si kutukana. Tunaweza pia kuleta darasani namna ya tamasha bila filamu yake: hadithi yoyote, juu ya mtu yeyote aliyetengwa, isomwe hadi mwisho, kisha kila mmoja aseme alichokiona na mwingine amsikilize.

Ukuta wa bweni lile ulipakwa chokaa kabla ya mitihani ya mwaka ule. Chokaa ya huku ni nyepesi, na mvua za Rwenzori hupenya mabati, hata herufi mbili za mwanzo zilionekana tena muhula uliofuata. Tulimwomba fundi arudi na ndoo ya pili.